Je, Jared Goff anabebwa? Jibu kwa shabiki wa Detroit

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Grand Rapids, Michigan, mwaka wa nane sasa. Futiboli ya Marekani nilijifunzia kazini. Wenzangu wote pale ni watu wa Detroit Lions, nami nikawa mwenzao. Kinachoniuma ni hiki: tunashinda, lakini ukiwasha televisheni ni Kansas City, Dallas na Buffalo kutwa nzima. Msimu wa 2024 tulishinda mechi 15 kati ya 17, na bado wanasema kwotabeki wetu (mrushaji wa mpira), Jared Goff, anabebwa na makocha na wenzake. Shemeji yangu anaishi Kansas City na ni Chiefs wa kufa. Msimu mzima alikuwa ananitumia sauti za WhatsApp za kumdharau Goff. Chiefs walipofungwa 40-22 na Philadelphia kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2025, na mimi nikamtumia yangu ya kumcheka. Tangu siku hiyo hatuongei. Mwanangu ana miaka 14, anacheza kwotabeki shuleni. Hana mbio, na wenzake wanamwita 'Goff' kumdhihaki. Nilimwambia Goff ni bora kuliko Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, ila waandishi wanatuchukia. Je, nilimwambia ukweli? Vyombo vya habari vina upendeleo kweli, au ni mapenzi yangu tu?"*

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kuwa umefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Mmoja ni wa uwanjani: Goff ni fundi, au ni abiria kwenye gari la wenzake? Mwingine ni wa nyumbani: mtoto umwambie nini, na shemeji umrudie vipi. Nitaanza na wa uwanjani, kwa sababu ukikaa sawa huo, wa nyumbani utapungua uzito.

Kwanza nikusahihishe, na usinichukie kwa hili. Goff si bora kuliko Patrick Mahomes. Mahomes ana mataji matatu ya Super Bowl. Goff hana hata moja, na Lions kama klabu hawajawahi hata kuingia kwenye mchezo huo. Ukianza mabishano na shemeji kwa kauli hiyo umejifunga goli mwenyewe. Tena, waandishi hawaichukii Detroit. Tuzo ya mchezaji bora wa msimu wa 2024 ilipigiwa kura na waandishi na wachambuzi 50 chini ya shirika la habari la Associated Press. Alishinda Josh Allen wa Buffalo, na Goff akamaliza wa tano katika ligi yenye timu 32. Mtu anayechukiwa hapewi nafasi ya tano.

Lakini uchungu wako haukutoka hewani. Kazi ya Goff inahesabiwa pungufu, na sababu zake zinaelezeka.

Tuanze na televisheni yenyewe. Kituo cha televisheni kinauza watazamaji kwa watangazaji wa biashara, basi kinazungumzia timu ambayo watu wengi wataiangalia, iwe kwa kuipenda au kwa kuiombea mabaya. Dallas Cowboys walichukua Super Bowl mara ya mwisho Januari 1996, na mpaka leo huwezi kumaliza siku bila kusikia jina lao. Sisi tuliokulia Tanzania hili halitushangazi. Azam walitwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, na vijiweni watu waliendelea kubishana kuhusu Simba na Yanga. Hakuna aliyewachukia Azam. Wasikilizaji walikuwa kwingine.

Na kusema Detroit inafichwa si kweli tena. Lions walianza kucheza Sikukuu ya Shukrani mwaka 1934, na tangu 1945 hawajakosa hata mwaka mmoja, siku ambayo nusu ya Marekani imekaa sebuleni mbele ya runinga. Msimu wa 2023 ulifunguliwa na wao, ugenini Kansas City, na Jumapili usiku ya kwanza ya msimu wa 2024 ilikuwa yao dhidi ya Los Angeles Rams. Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi walipoonyeshwa walikuwa wanafungwa. Mwaka 2008 walipoteza mechi zote 16. Tangu ubingwa wao wa 1957 mpaka Januari 2024 walikuwa wameshinda mchezo mmoja tu wa mtoano, ule wa Januari 1992 dhidi ya Dallas. Mchambuzi mwenye umri wa miaka 50 amekua akijua kwamba Detroit huporomoka. Mazoea ya namna hiyo hayatoki akilini mwa mtu kwa misimu miwili mizuri, na hapo ndipo mimi nakiri upendeleo upo: timu yenye jina ikishinda kwa taabu inasifiwa kwa moyo wa kupambana, na timu isiyo na jina ikishinda kwa taabu wanauliza mpinzani alikuwa na shida gani.

Chukua huo mchezo wa Kansas City wa 7 Septemba 2023. Detroit walishinda 21-20 kwenye uwanja wa mabingwa. Mazungumzo mengi ya siku iliyofuata yalikuwa juu ya Travis Kelce, nyota wa Chiefs aliyekosekana kwa jeraha, na juu ya mpokeaji wao Kadarius Toney, aliyeuachia mpira ukampitia mikononi ukaangukia kwa Brian Branch wa Detroit, naye akakimbia nao yadi 50 mpaka tachidauni, yaani kuuingiza mpira eneo la mwisho la mpinzani. Yote hayo ni kweli. Ila ukisikiliza wiki nzima jinsi Chiefs walivyopoteza, unasahau kuuliza jinsi Lions walivyoshinda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulielewe vizuri kuliko yote, maana hapa ndipo Goff anapopunjwa na watu wasio na nia mbaya hata kidogo. Ni kamera.

Kazi yangu ni kukaa na video za mechi. Kamera ya televisheni imewekwa pembeni mwa uwanja na inaufuata mpira. Inakuonyesha safu mbili za mbele zikigongana na kwotabeki akirudi nyuma. Wapokeaji wanaokimbia mbali hutoka kwenye picha, na mabeki wa mwisho huwaoni kabisa mpaka mpira urushwe. Sasa fikiria, kwotabeki gani anapendeza kwenye picha hiyo? Ni yule anayekwepa watu wawili, anakimbilia pembeni, anarusha akiwa anaanguka. Hicho macho yanakiona na moyo unaruka. Ustadi wa Goff uko kwenye ile sehemu ya uwanja iliyokatwa. Kabla mpira haujaanza anawahesabu mabeki wa mwisho, mmoja au wawili, anaona nani amesogea hatua moja, anabadilisha maelekezo kwa mkono au kwa sauti. Kisha anaachia mpira wakati mpokeaji bado amempa mgongo. Mpokeaji anageuka, mpira uko kifuani. Nyumbani wewe umeona pasi rahisi ya yadi 12 na ukadhani mpokeaji aliachwa peke yake. Ukitazama video ya makocha, ile inayopigwa kutoka juu ikiwaonyesha wachezaji wote 22, utaona kuwa wakati mpira unatoka mkononi mwake hakukuwa na mtu aliye wazi. Nafasi ilizaliwa mpira ukiwa hewani.

Ligi siku hizi inawauzia hata mashabiki video hizo kwa malipo. Kama unaweza kuzimudu kwa mwezi mmoja, zichukue uketi na mwanao.

Nikupe mfano mmoja, ule wa Chicago tarehe 22 Desemba 2024. Goff anapokea mpira, anarudi nyuma, na ghafla anajikwaa kama mtu aliyekanyaga kamba. Pembeni yake mkimbiaji Jahmyr Gibbs anajitupa chini kifudifudi, kama mtu anayeuokoa mpira ulioponyoka. Walinzi wa Chicago wanafanya ambacho mlinzi yeyote angefanya: wanavutwa mbele kuufuata. Wote wawili walikuwa wanaigiza. Goff ananyanyua kichwa, na nyuma ya walinzi hao mwenzake Sam LaPorta amesimama bila mtu. Pasi ya yadi 21, tachidauni. Sifa nyingi zilikwenda kwa Ben Johnson, mratibu wa mashambulizi aliyeubuni mchezo huo, na alizistahili. Mwezi uliofuata Chicago hao hao walimchukua kuwa kocha wao mkuu. Lakini jiulize: mwigizaji alikuwa nani? Akijikwaa mapema kidogo, LaPorta hajafika. Akijikwaa kwa kutia chumvi, mlinzi hadanganyiki. Akianguka kweli, mpira umekwenda. Kocha anachora kwenye karatasi, mguu ni wa mchezaji.

Hii ndiyo ile hadaa ambayo Goff ameijenga maishani mwake: kujifanya anampa mkimbiaji mpira, mgongo umeelekea ulinzi, halafu kugeuka na kusoma uwanja upya ndani ya sekunde moja wakati watu wenye kilo 140 wanamjia. Kuupa mgongo uwanja mzima na kuupata tena kwa sekunde moja si jambo la abiria.

Shemeji atakuambia: "Takwimu zake zinapendeza kwa sababu ya wenzake." Mjibu kwa utulivu, na wewe mwenyewe usizitegemee takwimu kupita kiasi. Msimu wa 2024 Goff alirusha yadi 4,629, tachidauni 37, pasi zilizonaswa na wapinzani 12, na alifikisha asilimia 72.4 ya pasi zake. Lions walifunga pointi 564, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi msimu huo. Namba nzuri. Lakini angalia jinsi namba zinavyoweza kukosa akili. Tarehe 30 Septemba 2024, dhidi ya Seattle, alirusha pasi 18 na zote 18 zikafika: yadi 292, tachidauni mbili. Ni rekodi ya ligi. Hakuna aliyewahi kurusha pasi nyingi hivyo katika mchezo mmoja bila kukosa hata moja. Kile kipimo maarufu cha kwotabeki kilichoanza kutumika 1973 kina alama ya juu ya 158.3. Usiku ule kilimpa 155.8. Mtu hakukosa hata pasi moja, na bado kikamnyima alama kamili, kwa sababu kinataka tachidauni zifikie karibu asilimia 12 ya pasi zote na yeye alikuwa na 11.1. Usiku huo huo alifunga tachidauni kwa kupokea pasi ya mpokeaji wake Amon-Ra St. Brown, na kipimo hakikuijua habari hiyo kabisa. Hakihesabu kukimbia, hakihesabu mara alizoangushwa na mpira mkononi, hakihesabu mpira alioudondosha.

Na tuwe waungwana pande zote: Seattle walicheza usiku ule na majeruhi kadhaa kwenye ulinzi wao. Ukimficha shemeji hilo, atalijua mwenyewe, na siku hiyo hatakuamini tena hata ukisema kweli.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni wa aina nyingine. Futiboli haitupi mara nyingi nafasi ya kupima mchezaji mmoja na timu mbili, lakini mwanzoni mwa 2021 ilitupa. Goff alikuwa Los Angeles Rams. Walimchagua wa kwanza kabisa kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji chipukizi) ya 2016, akapoteza mechi zote saba alizoanza mwaka ule, kisha akawafikisha Super Bowl ya Februari 2019. Wakafungwa 13-3 na New England, na siku hiyo Goff alicheza vibaya: pasi 19 kati ya 38, aliangushwa mara nne. Hadithi yake ikaandikwa kwa mchezo huo mmoja. Desemba 2020 alivunjika kidole gumba cha mkono wa kurushia, akapasuliwa, na siku 12 baadaye aliingia kwenye mchezo wa mtoano kule Seattle baada ya mwenzake kuumia, wakashinda 30-20. Wiki tatu baadaye Rams walikubaliana kumpeleka Detroit pamoja na nafasi mbili za raundi ya kwanza ya drafti na moja ya raundi ya tatu, wao wakapewa kwotabeki wa Detroit, Matthew Stafford. Watu wengi waliisoma biashara ile hivi: Detroit wamepewa nafasi za drafti ili wakubali kuubeba mkataba wa Goff.

Sasa tazama kilichotokea. Stafford alikaa Detroit miaka 12 bila kushinda mchezo hata mmoja wa mtoano. Mwaka wake wa kwanza Los Angeles, akachukua Super Bowl. Goff, aliyeonekana mzigo, alianza Detroit kwa kushinda mechi tatu tu mwaka 2021. Mwaka 2022 wakaanza ushindi mmoja, vipigo sita, wakamaliza 9-8. Mwaka 2023 wakachukua ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1993. Tarehe 14 Januari 2024 Rams wakaja Ford Field, uwanja wa Detroit, Stafford upande ule, Goff upande huu. Detroit 24, Rams 23. Dakika za mwisho, Rams wakiwa wanasubiri wapewe mpira kwa mara nyingine, Goff alimpa St. Brown pasi ya yadi 11 na mchezo ukaisha hapo. Uwanja mzima ukawa unaimba jina lake. Wewe ulikuwepo Michigan usiku huo, huhitaji nikusimulie.

Watu wawili walibadilishana viti, na wote wawili wakang'aa. Kwa hiyo shemeji anaposema kwotabeki anategemea mazingira yake, mwambie: kweli kabisa. Stafford pia. Mahomes pia. Februari 2025 Philadelphia walimwangusha Mahomes mara sita na kunasa pasi zake mbili. Miaka minne kabla yake, Tampa Bay walimkimbiza uwanja mzima Chiefs wakafungwa 31-9, maana safu yao ya mbele ilikuwa imejaa watu wa akiba. Kwa siku mbili hizo nani alimwita Mahomes mtu wa kubebwa? Walisema, kwa haki, kwamba safu yake ilizidiwa. Kipimo hicho hicho ndicho ninachokidai kwa Goff. Akishindwa, angalia na safu. Akishinda, usiitaje safu peke yake.

Baada ya hayo, ukweli unaouma. Goff ana udhaifu, na ukiukataa utakuwa unafanya kile unachowalaumu wachambuzi. Miguu yake haimwokoi. Mlinzi akija kutoka pembeni, anaweza kupiga hatua moja mbele, mlinzi akapita nyuma yake. Lakini akija kutoka katikati, hakuna pa kukanyaga. Uzito wa mwili hauhamii mguu wa mbele, na pasi inatoka fupi au juu. Kuna kwotabeki wanaotoka hapo kwa mbio. Yeye hawezi. Na siku anapokosea, wakati mwingine hukosea kwa mfululizo. Novemba 2024 kule Houston pasi zake tano zilinaswa. Walishinda 26-23 kwa mkwaju wa Jake Bates, na ilisaidia kwamba ulinzi ulisimama imara, lakini pasi tano ni tano.

Halafu 18 Januari 2025, nyumbani, dhidi ya Washington. Nakumbuka jinsi ulinzi wa Detroit ulivyokuwa umebomoka, mlinzi Aidan Hutchinson amevunjika mguu tangu Oktoba, na wengine wengi nje. Najua 45-31 haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ila pasi tatu za Goff zilinaswa, moja ikarudishwa yadi 40 hadi tachidauni, na mpira mmoja aliudondosha. Mchambuzi aliyesema siku ile kwamba Goff alicheza vibaya hakuwa na upendeleo. Alikuwa anaangalia mchezo. Linganisha na fainali ya kanda ya mwaka uliotangulia kule San Francisco: waliongoza 24-7 mapumziko wakapoteza 34-31, na huko hakuna hata pasi yake moja iliyonaswa. Wapokeaji waliangusha mipira, Gibbs alidondosha, majaribio mawili ya nne, yaani ya mwisho kabla ya kupoteza mpira, yalishindikana, na pasi moja ya San Francisco ilimgonga beki wa Detroit usoni kwenye kofia ikaangukia mikononi mwa mpokeaji wao Brandon Aiyuk. Anayemtupia Goff kipigo kile ndiye ninayemwita mpendeleaji. Ukijifunza kutenganisha vipigo hivi viwili utakuwa umewapita wengi wanaolipwa kuzungumza.

Ukiniuliza mimi wasiwasi wangu kuelekea msimu wa 2025, haukuwa kwenye studio yoyote. Ben Johnson aliondoka, sawa, kila mtu alisema hilo. Kilichoninyima raha ni kwamba Frank Ragnow, senta wa safu ya mbele (anayeanzisha mchezo kwa kumpa kwotabeki mpira), alitangaza kustaafu Juni 2025, na Kevin Zeitler aliyekuwa akicheza kando yake alikwenda Tennessee. Yaani ukuta uliopunguzwa ni wa katikati, mahali hasa ambapo Goff anaumizwa. Senta pia ndiye anayewaambia wenzake nani amzuie nani kabla mpira haujaanza. Basi Goff akiyumba, usikimbilie kusema "wametuonea", na usikubali pia wakisema "tuliwaambia ni Johnson". Angalia katikati.

Sasa mwanao. Umwambie kwamba ulikosea kidogo. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuvumilia kusikia baba yake akisema, "Lile la Mahomes nilisema kwa hasira." Asichoweza kuvumilia ni kwenda shuleni na hoja yako mkononi, akachekwa nayo. Mwambie pia kwamba kuitwa Goff si tusi kwa kijana asiye na mbio, lakini usimfiche kwamba kwa umri wake kijana mwenye mbio atapewa nafasi mapema, kwa sababu mabeki wa shule hawajajua kukaba na miguu inatosha kushinda. Muda unaweza kugeuka. Kwotabeki Tom Brady hakuwa na mbio, alichaguliwa wa 199 kwenye drafti ya 2000, na aliondoka na mataji saba. Ila wapo maelfu wasio na mbio ambao hawakufika popote, kwa hiyo usimwahidi kitu. Mwoneshe tu vitu vinavyofunzika: hatua za miguu akirudi nyuma, kuachia mpira mapema, kusoma mabeki wa mwisho.

Hapa mimi wa mbali sifai. Nenda kamwone kocha wake ana kwa ana, siku ya mazoezi, si kwa ujumbe. Mwombe dakika 20 na video ya mchezo mmoja wa kijana, umuulize maswali mawili: anaachia mpira kwa wakati gani, na macho yake yanaangalia wapi kwanza. Na hizo dhihaka mtajie pia. Zikibaki utani wa vijana, ataziona na kuzipima. Zikimfanya mtoto akatae kula au kwenda shule, hapo ongea na walimu na mshauri wa shule bila kuchelewa.

Kuna jingine ambalo hukuuliza. Katika mchezo ule wa Washington, Goff alipigwa kichwani baada ya ile pasi iliyorudishwa, akatolewa kwa muda kupimwa mtikisiko wa ubongo. Mtoto wako anacheza nafasi ile ile. Akigongwa kichwa kisha akalalamika kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga kumuumiza macho, au akasahau mambo ya dakika chache zilizopita, atoke uwanjani siku hiyo hiyo na aonwe na daktari kabla hajarudi mazoezini, hata akisema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akipata degedege au akiwa mgumu kuamka, piga simu ya dharura papo hapo.

Na shemeji. Yeye ni ndugu wa mke wako, na wewe ndiye uliyetuma sauti ya mwisho. Usimjibu kwa sauti nyingine ya WhatsApp, wala usimpelekee jibu hili kama hati ya mahakama. Mpigie. Muulize hali ya nyumbani kwanza, watoto, kazi, ndipo umwambie, "Shemeji, ile ya Februari nilivuka mpaka." Akikubali, mpe hoja ya Stafford na Goff, kisha nyamaza umsikilize. Kama moyo ni mzito bado, mtumie mama mkwe au mtu mzima mnayemheshimu wote awakutanishe. Mambo kama haya kwetu hayajawahi kukosa mtu wa kuyasimamia.

Subirini mchezo ujao wa Lions. Kaeni na mwanao mbele ya runinga, na kwa robo ya kwanza msiufuate mpira. Mwambie amwangalie senta wa Detroit tu, kila mchezo unapoanza, ahesabu moja, mbili, tatu, akuambie kama mtu wa katikati amesukumwa nyuma au amesimama. Robo ikiisha, muulize Goff amecheza vipi, na kwa nini.